Waliopanda Kabla ya Wakati

Naapa kwa mkate ulio mezani kwangu na kwa macho yangu mawili, moja zima na moja la kubahatisha, kwamba haya yote ni kweli tupu. Hakuna nilipotia chumvi isipokuwa kwenye samaki. Anayebisha aende Kserovrisi, kijiji cha mwisho kabla hujaufikia mto Evros, akaulize mkahawani kwa Sideris. Wazee wapo wa kutosha pale, na wawili watatu bado wanasikia.

Samaki mwenyewe ndiye huyu. Polidoros, aliyekuwa mlinzi wa kizuizi cha reli mpaka alipostaafu, alipenda kusimulia kwamba kambare wa Evros aliwahi kummeza mbuzi wake mzima mzima, kengele shingoni, na tangu hapo kambare huyo alipopita chini ya daraja watu walikurupuka kutoka vitandani wakidhani kasisi anaita ibada. Alikuwa pia na kisa cha treni aliyoisimamisha kwa sidiria nyekundu ya mkewe. Watu walicheka, wakamjazia kikombe cha tsipuro, pombe yao ya zabibu, wakamwambia, "Endelea, mwongo mkubwa wewe." Naye aliendelea. Uongo wake haukumdhuru mtu.

Ila ulikuwapo mmoja ambao hakuna aliyejua kuwa ni uongo.

Kserovrisi ilijengwa na viwavi wa hariri. Kila nyumba yenye umri ilifuga, ghorofani, sebuleni, hata chini ya vitanda, na kila mtu wa hapo alikua akichuma majani ya mforsadi, chakula pekee cha viwavi hao, kabla hajajua kufunga viatu vyake. Kasoro watu wa Polidoros. Wao waliletwa na reli kutoka mbali, wakapewa kijumba kando ya njia ya treni, na kazi yao ilikuwa kushusha na kupandisha gogo la kizuizi. Mtoto wa pale asiyekuwa na viwavi nyumbani alikuwa kama mtoto asiye na jina. Basi Polidoros, angali na suruali fupi, alijitungia bibi. Alimwita Kiratso. Bibi Kiratso alibeba mayai ya nondo kifuani, katikati ya matiti, mpaka yakaanguliwa kwa joto lake. Bibi Kiratso alimtambua kiwavi mgonjwa kwa mlio wa kutafuna tu, akiwa amefumba macho. Alimsimulia miaka mingi, kwa mapenzi mengi, hata mwenyewe akaanza kumwona usoni. Waliojua ukweli walikufa mmoja mmoja, na Kiratso akabaki hai.

Sasa tuje kwa Lambrini, maana ndiye mwenye kisa.

Lambrini alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Wachache waliobaki wakifuga bondeni mwote walinunua mayai ya viwandani, yaliyokuja kwa kasha, yakatoa vifukofuko vyeupe vya hariri vinavyofanana kama vidonge. Lambrini peke yake alikuwa na vya manjano. Mbegu yake ilitoka kwa bibi yake, na huyo bibi alikuwa wa kweli: vifukofuko vidogo, vyenye kiuno, rangi ya tunda la mpera wa kizungu lililoiva. Kila kiangazi alichagua nondo bora, akawaacha watage juu ya kitambaa, akakitunza kitambaa hicho kwenye ubaridi wa stoo ya chini mpaka majani mapya yachipue. Mbegu hiyo haikuwapo kwingine. Msimu mmoja tu ukiharibika, hakuna duka la kwenda kununua. Kijiji kizima kilijua hivyo, na Lambrini alijua zaidi, ndiyo maana hakulala vizuri kila mwezi wa tano.

Na mwezi wa tano ndio huo simu ilipolia kutoka hospitali ya Aleksandrupoli. Anthula, binti yake, mjamzito, shinikizo la damu limepanda, amelazwa. Lambrini alisimama mlangoni pa mkahawa na aproni yake ingali kiunoni.

"Nani atanilishia watoto?" aliuliza. Huko viwavi huitwa watoto.

"Mimi usinitazame," alisema Sideris kutoka nyuma ya kaunta. "Nikiingia na moshi huu wa sigara na kahawa, watakufa kabla sijawasalimu."

"Wanakula kwa mara ya mwisho kabla ya kujifunga hariri. Siwezi kuwaacha wala siwezi kubaki."

"Si yupo huyu hapa," Sideris akamwonyesha Polidoros kwa kijiko. "Mjukuu wa Kiratso! Ana bibi kama yule halafu anashinda hapa akinipigia domo."

Watu wakageuka. Hapo Polidoros angeweza kusema goti linamuuma, na lilikuwa linamuuma kweli. Angeweza kusema chochote. Lakini Lambrini alikuwa amemtazama kwa macho ambayo hajawahi kutazamwa nayo kijijini hapo, macho ya mtu anayekuhitaji.

"Nenda kwa mwanao, dada," alisema. "Mimi nilizaliwa juu ya trei."

Ubaya ulianzia kwenye heshima. Laiti angekuwa mtu mwingine, Lambrini angemkalisha chini, amweleze kila kitu mara mbili. Kwa mjukuu wa Kiratso aliona aibu. Alimwambia tu majani yasiwe na maji, tumbaku aiache nje ya geti, na asikohoe kwa nguvu. "Bado wiki hivi. Wakipanda tawi, nipigie, hata niwe wapi." Akapanda gari la jirani, akaenda.

Kupanda tawi ndiyo siku kuu ya kazi ile. Kiwavi akishiba utu uzima huacha kula, hunyanyua kichwa, hutafuta mahali pa juu. Hapo mfugaji humsimamishia vitawi vikavu juu ya trei, naye hupanda, huchagua pembe, hujifunga hariri yake. Polidoros alikuwa ameisikia siku hiyo ikisimuliwa maisha yake yote, kama mtu aliyesikia kuhusu bahari.

Nyumba ya viwavi ya Lambrini ilikuwa chumba kirefu chenye vichanja vinne, kimoja juu ya kingine. Cha juu kabisa, karibu na dari ambako kuna joto, waliwekwa waliochelewa kuanguliwa, wadogo kuliko wenzao. Goti la Polidoros halikutaka ngazi. Basi kichanja hicho alikilisha kwa uma mrefu wa kurushia nyasi kavu, akisimama chini kama mtu anayemlisha twiga. Alianza nacho kila mara, kwa sababu uma ulikuwa mzito naye alitaka kumaliza lililo zito kwanza. Vitatu vya chini alivilisha kwa mikono.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Alivua viatu mlangoni. Aliacha tumbaku kweli. Aliongea na viwavi kwa kunong'ona, akawasimulia habari za kambare, na hawakumwita mwongo.

Kisha asubuhi moja akawakuta pembeni.

Hawakuwa wote. Walikuwa kama mmoja katika kila kumi, ukingoni mwa trei, wengine wameshaanza kupanda nguzo. Vichwa juu. Wanene, ngozi imewatanuka na kung'aa kama imepakwa mafuta, na rangi yao imegeuka manjano. Polidoros alisimama pale mlangoni machozi yakimlenga. Wamepanda! Chini ya mkono wake, kabla hata ya siku iliyotazamiwa! Alikimbia, goti na yote, akaleta matawi ya mwaloni na vichaka vikavu vilivyorundikwa uani, akavisimamisha kwenye vichanja vitatu vya chini, kila trei, kwa mpangilio mzuri ajabu. Cha juu akakitazama, akaitazama ngazi, akakiacha.

Halafu akapiga simu.

"Wamepanda, dada Lambrini!"

Kwa upande wa pili palikuwa na mwangwi wa korido na sauti za wauguzi. "Mapema hivyo? Wote?"

"Wameanza. Wanene kama makasisi."

"Mmh. Umewatazama kwenye mwanga?"

Polidoros hakujua swali lile maana yake nini. Alijua tu kwamba mjukuu wa Kiratso angelijua.

"Nimewatazama."

"Wakoje?"

"Safi kabisa."

"Kama zabibu?"

"Kama zabibu, mwanangu. Zabibu yenyewe."

Alimsikia akishusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa gunia moja kati ya mawili. "Mungu akupe maisha, mzee Polidoros. Huku si kuzuri. Wanampeleka kumpasua." Simu ikakatika.

Mchana ule alipita kwa Sideris, akaagiza kahawa, akajifanya mtu wa mtihani. "Hebu nikupime, wewe muuza kahawa. Kiwavi hutazamwa kwenye mwanga kwa nini?"

"Aa, toka hapa! Hilo hata paka wangu anajua. Aliye tayari ameshajisafisha tumbo. Ukimweka mbele ya taa mwanga unapenya, unamwona mpaka ndani, kama zabibu ya kijani. Asipopenya mwanga, hajaiva." Sideris alifuta kaunta. "Au mgonjwa. Kwa nini umekuwa mweupe?"

"Kahawa yako hii."

Alirudi kule akamchukua mmoja kutoka tawini, akamweka mbele ya balbu. Mwanga haukupenya. Alikuwa mzito kama kipande cha jibini. Alipombonyeza kidogo ngozi ikapasuka kirahisi, kirahisi mno, kikatoka kitu kama maziwa yaliyochacha, kikamtiririka kidoleni.

Alijifuta kwenye suruali. Balbu hii dhaifu, akajiambia. Akamchukua wa pili, na balbu ikawa dhaifu vilevile.

Bado alikuwa na nafasi. Simu ilikuwa mfukoni. Lakini mwanamke wa watu yuko mlangoni mwa chumba cha upasuaji, akajiambia, utamwongezea msiba juu ya msiba? Ngoja mtoto azaliwe. Kilikuwa kisingizio kizuri, chenye huruma ndani yake, naye akakimeza chote.

Siku zilizofuata hakuna aliyejifunga hariri. Walipanda mpaka ncha za matawi, wakajishika kwa miguu ya nyuma, wakaning'inia vichwa chini, wakafa hivyo hivyo. Kisha wakayeyuka. Matone yalidondoka kwenye majani ya wenzao, na wenzao wakala majani yale, wakanenepa, wakang'aa, wakapanda nao. Harufu ilianza ndogo, kisha ikawa harufu ya nyumba nzima. Polidoros aliendelea kurusha majani juu kwa uma, asubuhi na jioni, kwa sababu hakujua la kufanya, na lile angalau alilijua. Hakupiga soga tena. Alikuwa akila kwake amesimama, na hakujua alichokula.

Lambrini alirudi na habari njema usoni: Anthula mzima, mtoto wa kike, mdogo lakini ana sauti. Habari hiyo ilimfikisha mpaka getini. Getini harufu ikampokea. Aliingia, akatoka, akakaa kwenye ngazi ya mlango akiwa na mkoba wake mapajani. Polidoros alisimama kando ya kisima kama mbwa aliyekula kuku wa nyumbani.

Kesho yake akafika Nefeli, binti wa kaka yake Lambrini, anayefanya kazi maabara huko Thesaloniki na ambaye alikuja na gari dogo lililojaa vikasha na glavu. Alikagua vichanja, akavaa glavu, akavua glavu, akaja kukaa uani. Kijiji chote kilichoweza kutembea kilikuwa pale. Huko watu hawaendi msibani kwa kualikwa. Sideris alikuwa amewasha moto wa kuchomea trei.

"Ni kirusi, shangazi," alisema Nefeli. "Kimo hata kwenye vumbi la mbao. Kinakaa humo miaka na miaka, kimelala."

"Kimewala watoto wangu."

"Hakili. Hakina mdomo, hakina tumbo, hakina lolote. Kinaingia ndani ya seli na kushika jiko." Alitafuta maneno, akaona bakuli la sukari ya kahawa mezani, akachukua kibonge. "Sikiliza. Mwilini mwa kiwavi kuna homoni, yaani ujumbe. Unamwambia sasa vua ngozi, sasa acha kula, sasa jifunge. Kirusi kinaifanya seli ya kiwavi itengeneze protini isiyo ya kiwavi. Protini hiyo inachukua sukari, sukari ya kiwavi mwenyewe, na kuibandika kwenye ule ujumbe." Akakibandika kibonge kwenye kijiko. "Basi. Ujumbe umepakwa sukari, umekuwa bubu. Upo, lakini hausemi. Kiwavi hajui kwamba wakati umefika."

"Kwa hiyo anaendelea kula," alisema Sideris.

"Anaendelea kula, ananenepa, ukimwona utasema mashallah. Lakini kila anachokula, seli zake hazimjengi yeye tena. Zinakichoma na kukigeuza virusi. Anamlisha mgeni. Halafu protini nyingine inamtia kiwewe, inamtembeza mpaka juu, ili akipasuka awadondokee wenzake."

"Pepo tu hilo," akasema bibi mmoja, akatema mate mara tatu kifuani kukinga balaa.

Polidoros alikuwa akikitazama kile kibonge cha sukari. Hakuna aliyemtazama yeye.

"Sasa nina swali moja, na ni la maana," Nefeli akaendelea. "Kichanja cha juu nimewakuta wazima kwa macho. Sijui kama ni wazima kweli. Shangazi, walipopanda hawa wa chini, walikuwaje? Mwanga ulipenya?"

"Ulipenya," alisema Lambrini. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mzee Polidoros aliwatazama. Aliniambia kama zabibu."

Nefeli alikunja uso. "Una hakika?"

"Mtu wa ukoo ule hawezi kukosea hilo."

"Basi ni vibaya." Akakiweka kijiko chini taratibu. "Kama waliokuwa wamekomaa, wasafi, wamepanda wakiwa wazima ndipo wakaoza matawini, maana yake walikuwa nacho ndani tangu zamani, wote kwa pamoja. Tangu yai. Basi na hawa wa juu wanacho. Wamechelewa tu. Nikikuachia hao, nakuachia ugonjwa."

"Na kama wangekuwa hawapenyi?" aliuliza Sideris.

"Ingekuwa wachache waliugua, wakapanda kabla ya wakati, wakawadondokea walio chini yao. Tone haliendi juu. Wa juu wangekuwa na tumaini. Lakini ndiyo hivyo, walipenya."

Lambrini aliinuka. Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayekubali bei. "Mbegu imechoka," alisema. "Bibi yangu aliipitisha kwenye vita na njaa, mimi nimeichosha. Nilichagua vibaya. Mwaka juzi nilichagua kwa rangi badala ya uzito." Akaingia ndani. Walimsikia akiburuta ngazi.

Alipotoka alikuwa amebeba trei ya kwanza ya kichanja cha juu, ameikumbatia kwa mikono miwili. Viwavi weupe, wadogo, walikuwa wakitafuna pembe za jani bila wasiwasi wowote. Watu wakampisha njia. Sideris alichochea moto, macho pembeni.

Polidoros aliona kila kitu kwa pamoja: moto, trei, mikono ile mikubwa. Kinywa chake, kilichokuwa hakijawahi kukosa neno tangu akiwa na suruali fupi, kilikuwa kikavu kama karatasi. Lambrini alikuwa amebakiza hatua chache.

"Hawakupenya," alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Lambrini hakusikia, au hakuelewa.

"Hawakupenya mwanga! Simama, mwanamke! Walikuwa wazito kama jibini, na walitoa maziwa!"

Akasimama. Moto ulikuwa unamwangaza upande mmoja. "Uliniambia zabibu."

"Sikuwa nimewatazama. Uliponiuliza sikujua hata unauliza nini."

"Na baadaye?"

"Baadaye niliwatazama."

"Lini?"

"Siku ileile. Mchana."

Lambrini hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Siku ileile. Ungenipigia siku ileile ningekuambia wachome waliopanda, ng'oa matawi, wahamishe wengine. Ningeokoa vichanja viwili. Labda vyote vitatu. Nilikuwa nimeshika mkono wa Anthula uliponiambia zabibu. Nilimwambia yeye pia. Nikamwambia, unaona, huko kwetu mambo yanakwenda vizuri, na wewe utakwenda vizuri."

Polidoros alitamani mtu amtukane.

Nefeli alikuwa wa kwanza kurudi kwenye kazi. "Wa juu uliwashika?"

"Sijawahi. Nilirusha majani kwa uma. Goti."

"Majani yalitoka wapi?"

"Mitini moja kwa moja. Nilianza na wao kila mara."

"Shangazi, rudisha trei mbali na moto. Mbali!" Nefeli alikuwa ameshavaa glavu mpya. "Siahidi kitu. Lakini wana nafasi. Ila humu hawawezi kubaki hata leo. Vumbi limejaa, hewa imejaa. Nataka nyumba safi, haraka. Nyumba ambayo haijawahi kufugiwa viwavi. Kamwe. Hata zamani za mababu."

Watu wakatazamana. Kisha wakaanza kusema mmoja mmoja, na kila aliyesema alifunga mlango mmoja.

"Kwangu walifuga mpaka jikoni."

"Mkahawa wangu ulikuwa nyumba ya viwavi kabla ya kuwa mkahawa," alisema Sideris. "Mihimili ni ileile."

"Shule?"

"Wakati wa vita waliweka trei madarasani."

"Nyumba ya kasisi?"

"Mke wa kasisi wa zamani ndiye aliyewafundisha wenzake!"

"Kwa Polidoros ndiyo usiseme," akaongeza bibi yule wa kutema mate. "Kiratso alijaza mpaka chini ya kitanda, au siyo? Alisema mwenyewe, walilala wamesimama."

Nefeli aliitazama barabara, kama mtu anayehesabu kilomita mpaka kijiji kingine, na jua lilikuwa kali. Lambrini alikuwa bado ameibeba trei.

Uongo wa zabibu ulikuwa wa wiki moja na ushei. Huu mwingine alikuwa nao tangu utotoni. Alioa nao, alimzika mke nao, ulikuwa kiti chake pale mkahawani. Polidoros alivua kofia.

"Hakuna Kiratso," alisema.

"Hakuna nini?"

"Hakuna Kiratso. Hakuwahi kuwapo. Bibi yangu aliuza tiketi za treni huko mji wa Drama, akafa kabla sijazaliwa, na aliogopa hata konokono. Kwetu hakujaingia kiwavi mmoja. Hata jani."

Sideris alijifanyia ishara ya msalaba bila kukusudia, kama mtu aliyeletewa habari ya kifo. "Na mayai kifuani?"

"Nilitunga."

"Na kusikia kutafuna? Mimi nimewasimulia wajukuu zangu habari za kusikia kutafuna!"

"Nilitunga, Sideris."

"Shetani mkubwa wewe! Kambare je?"

"Kambare ni kweli," alisema Polidoros, lakini hakuna aliyecheka, hata yeye.

Nefeli hakuwa na muda na marehemu asiyezaliwa. "Nyumba iko wapi?"

"Kando ya reli."

"Twende. Wewe usiguse chochote. Mikono yako, nguo zako, viatu vyako, vyote vina ugonjwa. Tembea mbele, mbali nasi."

Alitangulia peke yake katikati ya barabara, na nyuma yake, kwa umbali, ulikuja msafara: Lambrini na trei yake, Nefeli na ya pili, Sideris na ndoo ya chokaa, wengine na mifagio. Pale kwake alisimama ng'ambo ya reli, kwenye changarawe, akatazama nyumba yake ikitolewa nje. Walitoa kitanda alichofia mkewe. Walitoa zulia, kabati, makochi, kopo la tumbaku, taa ya mkono ya kazini, picha ukutani. Walipaka kuta chokaa, wakaosha sakafu mara mbili kwa maji ya dawa. Kila kitu kilichotoka kilionekana kidogo na cha kijinga juani.

"Hili nalo la nini?" Sideris alipaza sauti kutoka dirishani, ameinua sidiria nyekundu iliyopauka.

Polidoros aligeuka upande mwingine. "Hiyo iache."

Sideris aliitazama, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kabati.

Walipokwisha kupanga trei kwenye meza zilizooshwa, Lambrini alitoka mlangoni. Alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani na kuvaa koti la maabara la mpwa wake, fupi mikononi. Alivuka mpaka ukingo wa reli, akasimama hapo. Kati yao kulikuwa na vyuma viwili na mawe.

"Watafika tawini?" aliuliza Polidoros.

"Sijui. Nefeli naye hajui. Akiugua mmoja tu, nachoma wote." Alinyoosha mkono. "Ufunguo."

Aliutoa mfukoni, akakumbuka asimpe mkononi, akautupa juu ya reli. Lambrini akaumwagia dawa kutoka kwenye chupa ndogo, akaungoja ukauke, akauokota.

"Nitalala wapi?"

"Muulize bibi yako."

Alirudi ndani. Polidoros alisikia ufunguo ukizunguka mara mbili, kisha dirisha likafungwa, kisha pazia. Alibaki kwenye changarawe pamoja na makochi yake mpaka Sideris alipomwita kutoka barabarani kwamba kuna godoro stoo, ila lina panya, na panya hao ni wa kweli.